Nilivyopata pikapu ndogo Marekani, na ushauri uliotaka kunipoteza

Ushauri wa kwanza ninaopewa na Waafrika Mashariki wenzangu huku ni huu: "Agiza Hilux Japani, kama tunavyofanya nyumbani." Unatolewa kwa kujiamini kabisa, mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kuagiza hata baiskeli. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Marekani ni kinyume chake: gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya hapa haliingii mpaka litimize miaka 25 tangu lilipotengenezwa. Hilux haijauzwa rasmi hapa tangu 1995, Tacoma, pikapu nyingine ya Toyota, ilipochukua nafasi yake. Kwa hiyo Hilux utakayoingiza kihalali ni ile ambayo Mombasa wasingekubali ishuke melini. Na bado forodha wanakusubiri na ushuru wa asilimia 25 kwa kuwa ni gari la mizigo. Ingekuwa gari la abiria, ushuru wake wa kawaida ni asilimia 2.5.

Vile vipikapu vya Kijapani vya cc 660 navyo nilivipigia hesabu: Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar. Karatasi zake si ngumu kama watu wanavyotisha. Unajaza fomu HS-7 ya usalama, kisanduku cha kwanza kwa gari la miaka 25, na fomu 3520-1 ya mazingira, herufi E kwa gari lililopita miaka 21. Likija kwa kontena, taarifa ya mzigo ifike forodha saa 24 kabla ya kupakiwa. Kasheshe ni usajili wa jimbo. Texas walianza kuvikubali 2024, majimbo mengine yana masharti yao, mengine hayataki hata kusikia. Uliza ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla hujatuma hela. Mimi niliviacha kwa sababu vinabeba kilo 350 tu, na kwenye barabara kuu ya maili 70 kwa saa magoti yako ndiyo bampa.

Wajuaji wakiulizwa kwa nini pikapu ndogo zimekwisha, wanajibu kwa neno moja: kodi ya kuku. Wako sahihi nusu. Ulaya ilipandisha ushuru kwa kuku wa Marekani, na Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu kwa asilimia 25 juu ya wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari madogo ya mizigo. Shabaha ilikuwa Volkswagen. Ushuru wa vitu vingine uliondolewa baadaye, wa pikapu ukabaki hadi leo. Kwa miaka mingi watengenezaji waliukwepa kwa kuleta kichwa na chesisi bila bodi (sanduku la mizigo la nyuma), kwa asilimia 4, bodi ikafungwa hapa hapa. Ford Courier iliyotoka Mazda na Chevrolet LUV ya Isuzu ziliingia hivyo, mpaka forodha walipoziba tundu hilo mwaka 1980. Subaru nao wakafunga viti viwili vya plastiki ndani ya bodi ya pikapu yao, BRAT, wakasema hili ni gari la abiria. Abiria wenyewe walikaa nje, wakitazama nyuma, wameshikilia vishikizo. Ikapita!

Ila Ford Ranger haikulipa kodi ya kuku hata senti moja, ikafa vilevile. Ilikuwa ikitengenezwa hapa hapa Minnesota, St. Paul, kando ya mto Mississippi. Mwaka 1999 ziliuzwa zaidi ya 340,000. Mwaka 2011 ni kama 70,000. Kiwanda kilifungwa Desemba 2011 na leo pale pamejengwa makazi. Kwa maoni yangu, kodi iliwazuia wageni, na wenyeji wakauawa na mambo mawili mengine. Moja ni sheria ya matumizi ya mafuta, ambayo sasa humpimia kila mtengenezaji kwa ukubwa wa magari yake: umbali kati ya ekseli mbili mara upana kati ya matairi. Eneo likiwa kubwa, gari linaruhusiwa kunywa zaidi. Pikapu ndogo yenye fremu ya chuma inadaiwa ubanaji unaokaribia wa gari la abiria, huku jitu la mita 2 upana likisamehewa. Faini za sheria hiyo zilishushwa hadi sifuri mwaka 2025, lakini kiwanda hakigeuzwi kwa mwaka mmoja. La pili ni faida. Kutengeneza pikapu ndogo hakupishani sana gharama na kutengeneza kubwa, ila kubwa inauzwa ghali zaidi na mnunuzi anaongeza viti vya ngozi.

Pikapu mpya ndogo, Ford Maverick, inatoka Hermosillo, Mexico, kwa hiyo kodi ya kuku haiigusi. Ilipotangazwa 2021 ilianzia chini kidogo ya dola 20,000. Sasa imepita 25,000 na inapanda. Ni gari zuri la milango minne lenye bodi ya futi 4 na nusu. Mimi nabeba mbao, si watoto.

Basi nikaamua: Ranger ya 2002 hadi 2011, silinda 4, lita 2.3, gia za mkono, bodi ya futi 6. Toyota za umri huo zina kodi yake nyingine, kodi ya jina. Tena ukumbuke kwamba mwaka 2008 Toyota wenyewe walianza kuzinunua tena Tacoma za 1995 hadi 2000 zilizooza fremu, kwa mara moja na nusu ya bei yake.

Usiamini maelezo ya muuzaji kuhusu injini, soma namba ya chesisi. Herufi ya nane ikiwa D, ni lita 2.3 ya taimingi cheni, ndiyo unayoitaka. U ni V6 ya lita 3.0, nzito kupanda mlima lakini haifi. E ni V6 ya lita 4.0, ina nguvu, ila reli za plastiki za cheni yake huvunjika na moja iko nyuma ya injini, kwa hiyo kuibadilisha ni kushusha injini au giaboksi. Ukisikia mlio kama kokoto kwenye kopo injini ikiwaka baridi, rudisha funguo kwa adabu uondoke. Herufi ya kumi na moja ikiwa P, imezaliwa St. Paul. Mimi nilitaka iliyozaliwa hapa ikakulia Arizona, maana chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa theluji haina huruma na chuma. Nauli na mafuta ya kuifuata kusini ni pungufu ya bei ya kuchomelea fremu.

Fremu ikaguliwe kwa nyundo. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka kumi na tano ni sababu ya kugonga kwa nguvu zaidi. Anza pale springi za nyuma zinaponing'inia, hasa vile vishikio vya mwishoni, kisha juu ya ekseli, kisha nyuma ya kabini. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi na nyundo inaacha alama. Vishikio vyenyewe vikiliwa si msiba, vinauzwa kwa bei ya chakula cha jioni, unakata ribiti na kufunga boliti. Fremu ikilegea juu ya ekseli, achana nayo hata ikiwa bure.

Yangu nimeipata kwa dola elfu nne na ushee, ikiwa na pampu ya mafuta inayolia na klachi inayokufa. Hizo ndizo kasoro za kutafuta, kwa sababu zinamtisha muuzaji.

Pampu iko ndani ya tenki. Kitabu kinasema shusha tenki. Usishushe, nyanyua bodi. Bodi ya futi 6 imeshikwa na boliti 6 za kichwa cha nyota, T55. Kwanza chokonoa uchafu wote ndani ya kichwa, gonga biti iingie mpaka mwisho, ndipo uweke bomba refu. Ukiharakisha, kichwa kinanyongwa na siku imekwisha. Fungua skrubu za mdomo wa kujazia mafuta, chomoa plagi ya taa za nyuma, kisha watu wawili waisukume bodi nyuma kama mita moja. Kabla ya yote hayo punguza presha: chini ya dashibodi upande wa abiria kuna swichi ya ajali inayokata mafuta. Ichomoe, washa gari, liache lijizime. (Swichi hiyo hiyo hujikata ukipiga shimo kubwa. Wengi wamenunua pampu mpya wakati walitakiwa kubonyeza kitufe tu.)

Klachi ndiyo iliyonipa raha. Silinda yake ya chini imekaa ndani kabisa, inauzunguka mhimili wa giaboksi, hivyo kuibadilisha ni lazima giaboksi ishuke. Ikishashuka badilisha kila kitu: sahani, beringi, sili ya nyuma ya injini ikivuja, na vile viziba vitatu vya mpira nyuma ya kifuniko cha juu cha giaboksi. Hukauka, oili inatiririka, na fundi anaweza kudhani ni sili ya injini. Weka vya chuma. Giaboksi hii inatumia mafuta ya gia za otomatiki, chini kidogo ya lita 3. Fungua tundu la kujazia kabla ya kumwaga ya zamani, lisije likagoma ukabaki na giaboksi tupu.

Sasa kutoa upepo kwenye mafuta ya klachi. Utaambiwa mmoja apampu ndani, mwingine afungue nati chini, kama breki. Mtapampu mpaka mgombane. Pedali inabaki laini, gia ya rivasi inasaga, na mafuta yanatoka safi bila povu hata moja. Mtu akakushauri ununue silinda nyingine, na nyingine inakuwa hivyo hivyo. Sababu ni kwamba silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedali, imefungwa kwa kuinama, pua yake ikitazama juu. Upepo unajikusanya puani, na njia ya kurudi kwenye kopo la mafuta iko upande wa pili, chini. Ukikanyaga pedali yote unausukuma kidogo kwenye bomba. Ukiachia, unarudi pale pale.

Dawa ni kulinamisha gari lenyewe. Zuia matairi ya mbele kwa magogo, pandisha ekseli ya nyuma juu ya stendi mpaka silinda ielekeze pua chini. Mwenye barabara ya mteremko ageuze tu gari litazame bondeni. Fungua kopo, toa kile kimpira cha ndani, jaza mafuta ya breki ya DOT 3. Halafu bonyeza pedali kwa mkono, sentimita mbili tatu tu, polepole, huku mwenzako akigonga silinda na bomba kwa mpini wa bisibisi. Povu linaanza kupanda ndani ya kopo, moja moja, kisha kwa fujo. Likikoma, liache gari hivyo usiku kucha. Asubuhi fungua nati ya chini bila kupampu, mafuta yadondoke yenyewe huku ukijaza juu, kopo lisikauke kamwe. Funga, kanyaga. Rivasi iingie bila kelele.

Vifaa vya klachi vilinigharimu dola mia mbili na kitu. Ukinunua, chukua seti yenye silinda ya chini ndani yake, na kama umeikuta ya plastiki na ya chuma dukani, lipa nyongeza uchukue ya chuma.