Kuanzia leo, kazi zangu zitaitwa za Mwanakolo

Mchana huu, hapa Barabara ya Sita, Dodoma, fundi mihuri amenikabidhi muhuri wenye jina nitakalotumia katika michoro yangu yote: Mwanakolo.

Kwetu ni Kondoa, na alama niliyoichagua ni mtu mrefu, mwembamba, kama wale waliochorwa kwa rangi nyekundu kwenye miamba ya Kolo, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Shingo yake ni uzi mmoja tu wa wino.
Nimeigonga kwenye karatasi, nikaitazama mpaka ikakauka.

Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, mwaka 1993, aliifanya alama kuwa ndiyo jina lenyewe. Mimi navitaka vyote viwili, maana mteja wa Msalato lazima awe na jina la kutamka anaponiulizia.

Mliosajili alama zenu BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, naombeni mnielekeze: mlianzia wapi?