Sosi ya nyama na nyanya isiyo na maji

Tambi za nyama ninazopakuliwa kwenye shughuli nyingi hapa Kigoma zina tatizo lilelile: maji mekundu chini ya sahani, tambi zimelala juu yake, na nyama imepauka. Ukiuliza zimepikwaje, utatajiwa kitunguu, nyama, nyanya, karoti, viungo vya pakiti na vikombe viwili vya maji, kisha ikafunikwa. Vyote vimepandishwa kwa pamoja kama abiria wa daladala ya Ujiji saa kumi na mbili jioni.

Yangu naipika Jumapili. Siku nyingine niko kwenye cherehani mpaka magharibi, na sosi hii haimfai mtu mwenye haraka. Inataka nusu kilo ya nyama, nyanya nane au tisa zilizoiva sawasawa, vitunguu maji viwili, karoti moja, punje tatu za kitunguu swaumu, mafuta ya alizeti, maziwa nusu kikombe, chumvi na pilipili manga. Basi. Kari hapana, bizari hapana, na vile vidonge vya supu waachieni wauza supu.

Nyama ya kusaga iliyokwisha kusagwa sinunui. Mashine ya bucha haina ubaguzi, inameza hata mishipa iliyobaki juu ya gogo. Nachagua steki kwanza, yenye mafuta kidogo pembeni, halafu naomba isagwe nikiwa nimesimama palepale. Umeme ukiwa umekatika naichukua hivyohivyo, nakuja kuikatakata kwa kisu nyumbani. Kusema kweli hiyo ya kisu ndiyo naipenda zaidi, unahisi unatafuna kitu.

Sasa kukaanga, na hapa ndipo shughuli ilipo. Kikaango kiwe kipana na mkaa uwe umeshika vizuri. Nyama ikiingia itatoa maji yake, itageuka kijivu, na wengi wakiona hivyo wanamimina nyanya. Ngoja! Maji yakiwa bado yamo, joto la pale ndani halivuki nyuzi 100, na kwa joto hilo nyama inachemka tu, haiwezi kushika rangi. Acha ikauke. Usiikorogekoroge. Utasikia mlio unabadilika: kutokota kunakwisha, mafuta yanaanza kulia chwaaa, na nyama inang'ang'ania chini ikiacha utando wa kahawia. Ule utando ndio utamu wenyewe, usijaribu kuukwangua. Nyanya zikija zitaubandua zenyewe.

Nyama ikishapata rangi naisogeza pembeni, naweka vitunguu vilivyokatwa vidogo sana pamoja na karoti iliyokwanguliwa. Vikilainika, kitunguu swaumu kinapita juujuu, maana kikiungua kinakuwa kichungu.

Kwa nyanya, pale soko la Mwanga mafungu yanayong'aa nayapita. Natafuta masalo: zilizolegea, zilizopasuka ngozi kidogo, lakini hazijachacha. Muuzaji anakupa nyingi kwa bei ndogo, na anakushukuru juu. Kachumbari huwezi kupata hapo, lakini sosi yenyewe ndiyo hiyo. Nazikata nusu kwa nusu na kuzikwangua upande wa ndani, uji wote unashuka kwenye bakuli na ganda linabaki kiganjani, limetoka zima. Hakuna haja ya kuzitia kwenye maji moto wala kutafuta blenda. Nyanya zikiwa na maji sana, naongeza kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, ila nakikaanga kwanza na vitunguu mpaka wekundu wake ukolee.

Uji wa nyanya ukishaingia kwenye nyama, natoa nusu ya mkaa, uliobaki naufunika majivu kidogo, na kikaango nakifunika nikiacha upenyo. Saa moja, au zaidi kidogo. Ikianza kushika naongeza maji ya moto, vijiko viwili vitatu, siyo kikombe. Imeiva pale mafuta yanapojitenga na kupanda juu, na ukipitisha mwiko njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga.

Mawese? Naulizwa sana, kwa sababu huku kwetu yapo kila kona, kwenye madumu na kwenye chupa za maji. Kwenye maharage na kisamvu siyaachi. Humu siweki. Mawese yana kauli nzito; tia hata kijiko kimoja, nyanya haitasikika tena.

Watu wa Bologna, kule Italia, ambao sosi ya namna hii inaitwa kwa jina la mji wao, mwaka 1982 waliandikisha mapishi yao kwenye chemba ya biashara ya hapo. Nyanya zao ni kidogo kuliko zangu, na wana mvinyo na nyama ya nguruwe, ambavyo nyumbani kwetu Ujiji haviingii. Lakini wana maziwa pia, na hilo nimelichukua kwa mikono miwili. Nusu kikombe, namimina kidogo kidogo sosi ikikaribia kuiva, na ule ukali wa nyanya unatulia. Wao wanaila na tambi pana za bapa. Dukani kwetu kuna spageti, basi tunakula spageti.

Mama mkwe yeye anajua tambi za futari tu, za nazi, sukari na iliki. Aliponiona napika hizi aliniuliza, "Mwanangu, tambi na nyama wapi na wapi?" Nikamwambia, "Mama, onja sosi kwanza." Akaonja, kwa ugali wa muhogo lakini. "Mchuzi mzuri," akasema, "ila umekauka. Ungetia maji." Sikumjibu.

Spageti zenyewe hazina mengi. Maji mengi yanayotokota, chumvi ya kutosha, na msizikate. Zitajikunja zenyewe zikilainika. Anza kuonja dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, uzitoe zikiwa bado na ukinzani kidogo ukizing'ata. Kabla ya kuchuja, chota kikombe cha yale maji yake mazito. Halafu tambi ziingie ndani ya sosi, jikoni, siyo kwenye sahani. Geuza kwa dakika moja ukitia yale maji kidogo kidogo mpaka kila uzi uvae sosi. Wanga uliomo ndio unaozishikanisha. Ikibaki sosi peke yake, asubuhi ipashe mpaka itokote na uile kwa chapati.