Adapta haibadilishi umeme: kuchagua kebo na plagi za gatini kwa boti yako

Swali ninaloulizwa kuliko yote gatini ni hili: "Fundi, huna adapta hapo?" Mwenye boti ameshika plagi yake, soketi ya gati ni yetu hii ya pini tatu bapa, na anachotaka ni kipande cha kuunganisha hiki na kile, ajaze betri, awashe friji, apumzike. Mimi huanza kwa kumuuliza boti imejengwa wapi. Wengine huona ninawapotezea muda, lakini jibu la swali hilo ndilo linaloniambia kama atalala salama au ataamka na moshi.

Umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Boti iliyojengwa Uingereza, Ufaransa au Afrika Kusini imezoea umeme wa namna hiyohiyo, tofauti ni volti chache tu zisizo na madhara. Shida yake ni umbo la plagi, na adapta iliyo nzuri inaimaliza. Boti ya Marekani ni habari nyingine kabisa. Plagi yake unaichomeka kisha unaizungusha hadi ijifunge, na pembeni imeandikwa 30A 125V. Ndani ya boti hiyo kila kitu kinangoja volti 120 na hezi 60. Adapta hubadilisha umbo la pini tu. Umeme unaopita ndani yake unatoka vilevile ulivyoingia.

Niliwahi kuitwa kwenye boti ya namna hiyo kule Mtwapa. Fundi mmoja alikuwa ameikata plagi ya Marekani na kufunga ya pini tatu, kazi safi kwa macho, skrubu zimekazwa sawasawa. Mwenye boti alipowasha swichi kuu, mikrowevu, feni na chombo cha kupasha maji vilipokea umeme maradufu. Nilipofika, harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa bado imeshika kwenye mapazia. Yule fundi hakuwa mtu mbaya, ila aliangalia plagi na hakusoma kibandiko.

Kibandiko hicho ndicho ninachotaka ukisome kabla ya kununua chochote. Kiko nyuma au ubavuni mwa chaja, kimeandikwa INPUT. Ukiona 100-240V, 50/60Hz, chaja hiyo inakubali umeme wa Mombasa kama inavyokubali wa Marekani. Basi mwenye boti ya Marekani namshauri hivi: leta kebo ya peke yake kutoka gatini hadi kwenye chaja tu, jaza betri, na vyombo vyako vya volti 120 viendeshwe na inveta yako mwenyewe, ambayo inageuza umeme wa betri na kutoa hezi 60 zake bila kujali za kwetu. Ni njia safi kuliko zote. Transfoma ya kushusha 240 hadi 120 nayo inafaa, ila ni nzito, na haigusi hezi. Mota ya kiyoyozi iliyoundwa kwa hezi 60, ukiipa 50 huzunguka polepole kwa karibu asilimia 17 na hupata joto zaidi. Taa na hita hazijali. Mota na transfoma ndogondogo ndizo zinazoumia. Na kama boti ni ile kubwa yenye plagi ya ampea 50 na pini nne, ambayo ina nyaya mbili za moto zenye volti 120 kila mmoja, usimruhusu mtu yeyote akuungie-ungie adapta kwa kukisia. Hapo panahitaji transfoma na fundi anayeujua mfumo huo.

Ukishamaliza volti, njoo kwenye ampea. Plagi yetu ya nyumbani ina fyuzi ya ampea 13, yaani kama wati 3,120. Watu wengi wenye boti ndogo za kuvulia hutumia hiyo pamoja na ekstensheni nyeupe ya dukani, na kwa chaja moja inaweza kutosha. Lakini ongeza kiyoyozi, ongeza birika, halafu acha usiku kucha kwenye hewa yetu ya chumvi. Nikipewa plagi iliyotumika hivyo msimu mzima, naifungua mbele ya mwenyewe aone. Pini ya upande wa fyuzi imegeuka zambarau iliyokoza. Plastiki kuizunguka imekuwa kahawia na imevimba kidogo, ukiibonyeza kwa ukucha inamomonyoka. Na fyuzi ni nzima! Wengi hushangaa hapo. Fyuzi hukatika umeme ukizidi, na hapa umeme haukuzidi. Kilichotokea ni chumvi kuingia kati ya pini na soketi, mguso ukawa mbovu, joto likazaliwa palepale. Hakuna fyuzi itakayokukinga na mguso mbovu.

Ndiyo maana kwa boti inayolala gatini napendekeza zile plagi za buluu za duara, zenye kifuniko cha springi, tunazoziita za viwandani. Zinafuata kipimo cha IEC 60309, na rangi yake ina maana: buluu ni volti 200 hadi 250, njano ni 100 hadi 130, nyekundu ni umeme wa njia tatu wa volti 380 hadi 480. Kwa hiyo usinunue njano kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani. Zipo za ampea 16 na za ampea 32, na haziingiliani. Chagua yenye alama ya IP44 angalau, inayostahimili kurushiwa maji, au IP67 kama sehemu yako hupigwa na mawimbi wakati wa kusi.

Gati ikiwa na soketi ya 32 na boti yako ni ya 16, adapta ya kushusha ipo, lakini nataka iwe na breka yake ya ampea 16 ndani, ile swichi inayojikata umeme ukizidi. Bila hiyo, breka ya gatini itangoja mpaka ampea 32 zipite, na kebo yako nyembamba katikati itakuwa imeshaanza kuiva.

Kebo sasa. Usiinunue kwa rangi wala kwa unene wa nje, maana unene wa nje unaweza kuwa mpira mtupu. Ipeleke kwenye mwanga uyatafute maandishi yaliyopigwa chapa ubavuni. Ninayoitaka imeandikwa H07RN-F 3G2.5. Herufi zile ni kebo ya mpira mzito unaostahimili maji, mafuta na kukunjwa. 3G ni nyaya tatu, mmoja wao ukiwa ule wa kijani na njano wa erthi, na 2.5 ni milimita za mraba za shaba. Hiyo ni ya ampea 16. Kwa ampea 32 nafunga ya 6. Tofauti si ndogo: kebo ya mita 25 yenye milimita 2.5, ikibeba ampea 16, hupoteza kama volti 7 njiani. Ya milimita 1.5 hupoteza karibu 12, na volti hizo zote zinageuka joto ndani ya kebo iliyolala juani. Ukiwa umeizungushia kwenye gurudumu lake ni mbaya zaidi, joto halina pa kutokea. Ikunjue yote, hata kama unahitaji mita tano tu.

Kama unafunga plagi mpya kwenye kebo ya zamani, menya waya uangalie shaba. Iking'aa, endelea. Ikiwa nyeusi au imeota kijani, kata tena, na tena, mpaka ufike penye kung'aa. Nimekata hadi mita nzima kwenye kebo ambayo mwenyewe aliapa ni mpya, maana maji ya chumvi hupanda ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Shaba iliyopakwa bati hudumu zaidi, ukiipata chukua.

Urefu usiupime kwa jicho wakati maji yamejaa. Hapa kwetu bamvua hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita 3. Boti iliyofungwa kwenye gati la saruji lisiloelea itashuka nayo, na kebo iliyokuwa imelegea saa sita itakuwa imekazana jioni, ikivuta plagi kwa uzito wa boti. Acha kitanzi cha kutosha, kifunge kwa kamba kwenye reli ili uzito ubebwe na kamba, na maungio yasiguse maji kamwe.

Nije kwenye erthi, jambo linaloniuma. Kuna ushauri unaozunguka kwa wenye boti kwamba zinki, vile vipande vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe badala ya vyuma vingine, zikiisha haraka, kata waya wa erthi kwenye kebo ya gatini. Ni kweli kwamba erthi inaunganisha chuma cha boti yako na cha boti ya jirani, na vyuma viwili tofauti ndani ya maji ya chumvi, vikiunganishwa kwa waya, vinakuwa betri. Zinki zako zinaliwa kulinda propela ya mwenzako, na zikiisha, alumini ya mashine yako inafuata. Nimeziona zinki za miezi mingi zikiwa zimebaki kama mfupa wa ngisi. Hasara hiyo naielewa. Lakini erthi ndiyo inayoondoa umeme uliovuja, na ukiikata, chaja ikiharibika ndani, boti nzima inakuwa na umeme kimya kimya. Anayekuja kuuawa si wewe uliye ndani na viatu vikavu. Ni kijana anayekuosha boti, mguu mmoja kwenye gati lenye maji, mkono kwenye ngazi ya alumini. Dawa ya zinki ipo: aisoleta ya galvani, kisanduku kinachofungwa kwenye waya wa erthi, kinazuia ule umeme mdogo wa kula vyuma na kuuachia ule wa hatari upite. Kuna pia transfoma ya kutenga, inayotenganisha umeme wa boti na wa gati, bei yake kubwa, kazi yake kubwa zaidi. Mteja akiniambia nikate erthi, nafunga sanduku langu la vyombo na kumuaga kwa heshima.

Kebo yenyewe lazima iwe na dume upande wa gati na jike upande wa boti, ili pini zilizo wazi zisiwe na umeme hata siku moja. Kebo yenye dume pande zote mbili ikatwe vipande papo hapo. Unapounganisha, zima swichi kuu ya boti na ya gati, chomeka kwenye boti kwanza, halafu gatini, halafu ndiyo uwashe. Unapoondoka, chomoa gatini kwanza. Na kabla ya yote hayo, ingiza tasta ya taa tatu kwenye soketi ya gati. Inakuambia kama moto na nyutro vimegeuzwa, na kama erthi ipo kweli au ni tundu tupu. Nimekuta matundu matupu kwenye gati zenye rangi mpya na taa za kupendeza.

Wasio na fedha ya vyote kwa mpigo huniuliza waanze na kipi. Tasta, na swichi ya RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, kwenye boti, kama gati haina. Kisha kebo iliyo sawa. Aisoleta itafuata mkipata nafasi, na wakati huo wote mtakuwa mkibadilisha zinki mapema zaidi. Adapta iwe ya mwisho, na wengi mkifika hapo mtakuta hamuihitaji tena, maana plagi ya buluu mmeshaifunga kwenye kebo yenyewe.