Kosta yangu ya kambi: masika imeyaumbua madirisha

Waliokuwa wanauliza mradi wangu wa kuigeuza Kosta iwe gari la kulala safarini umefikia wapi, umerudi nyuma kidogo. Sola ishafungwa, sinki ipo, kitanda cha nyuma kipo, feni zinazunguka vizuri tu, af masika ikaja na plaiwudi ya ukutani chini ya dirisha la kitandani ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kidole kinazama. Kwa hiyo kabati na zile taa za urembo nilizoahidi zisubiri kwanza, maana maji ukiyafunika ukutani utakuja kuyakuta yameshakula bati na hapo sio silikoni tena, ni fundi wa kuchomelea.

Kwa wageni, gari ni Kosta ya zamani, injini 1HZ, dizeli ya lita 4.2, ilishapiga daladala humu mjini kabla haijastaafu. Inalala nje, Kigamboni, upepo wa bahari unaipiga kila siku so kutu haichelewi. Madirisha ni ya aina mbili. Kuna ya kiwandani, mengine vioo vya kusukuma kwenye fremu ya alumini na mengine yale yasiyofunguka yaliyokaa kwenye raba, af kuna moja la kempa, yaani la yale magari ya kulala safarini, la plastiki linalofunguka kwa nje, ambalo mwenye gari aliyenitangulia alifungiwa na fundi mmoja kabla hajaukatia tamaa mradi wake.

Sasa kila aliyepita akaiona ile plaiwudi alisema neno hilohilo, piga silikoni hapo dirishani. Mi nikagoma, kwa sababu ukiangalia lile dirisha silikoni lilikuwa nayo tayari, tena tabaka juu ya tabaka, nyeupe juu ya ile isiyo na rangi juu ya nyeusi, yaani kila masika mtu alikuwa anaongeza yake na maji yanaendelea kuingia. Ukuta wa Kosta ndani una mbavu za chuma na nafasi wazi kati ya bati na plaiwudi, tone likiingia huko juu kwenye paa linatembea juu ya ubavu taratibu mpaka likute tundu la kupitisha waya, linashuka, linatokea chini ya dirisha, af dirisha ndo linabeba lawama.

Nikafungua plaiwudi yote ya upande wa kushoto. Inauma kubomoa kitu ulichokipigia vanishi mwenyewe lakini bila kuona bati kwa ndani unabahatisha tu.

Kupima nilitumia mpira wa maji wa kawaida, bila presha. Dogo wa jirani yuko nje kashika mpira, mi niko ndani na tochi. Kitu cha muhimu ni kuanzia CHINI. Unamwagia chini ya dirisha kwanza, unasubiri dakika kadhaa, hamna kitu, unapanda ukingo wa chini wa fremu, unasubiri, unapanda pembeni, af ukingo wa juu, af gata ya paa, mwisho paa lenyewe. Ukianzia juu maji yanateremka yanalowesha kila kitu na hutajua yamepitia wapi. Na ile mashine ya kuoshea magari usiikaribishe kabisa, presha yake inapenyeza maji hata kwenye raba nzima, unaishia kutengeneza kitu kizima.

Hapa kuna kitu kilinisaidia ambacho sikukipanga. Siku hiyo bomba lilikuwa halitoi so tulitumia maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi kama visima vingi vya pwani hii. Jua lilivyotoka, ukuta ulivyokauka, ikabaki michirizi myeupe kwenye bati kwa ndani, kila njia ya maji imejichora kuanzia inapoingilia mpaka inapoishia! Nikapiga picha zote na simu. Mchirizi mmoja ukaanzia kona ya chini ya kioo kisichofunguka, mwingine ukatoka ukingo wa juu wa dirisha la kempa, na ule mnene kuliko wote, uliokuwa unaivimbisha plaiwudi ya kitandani, haukugusa dirisha lolote. Ulitoka kwenye skrubu ya ile taa ndogo ya pembeni juu kabisa karibu na paa. Baada ya hapo nikasuuza na maji ya bomba na kufuta kila mahali, maana chumvi kuiacha juu ya bati ni kuiita kutu kwa jina.

Jioni nikarudia kwa njia nyingine kuhakikisha. Nikachukua blowa, nikaifunga kwenye dirisha la dereva kwa boksi na tepu, nikaziba matundu ya hewa, ikawa inasukuma hewa ndani, af nje napitisha sponji yenye povu la sabuni kwenye kingo zote. Panapovuja panatoa mapovu. Kwenye ile taa ilichemka kabisa. Faida ya njia hii hailoweshi ndani, na inaonyesha pale nje penyewe. Hasara yake Kosta ina mianya mingi, milango tu inakula hewa yote, so ukiona povu halitoki usishangilie haraka.

Kabla sijaendelea, asubuhi ukikuta vitone vimetapakaa kioo kizima mpaka katikati, huo ni mvuke wa watu kulala wamefunga vioo mvua inanyesha nje. Uvujaji unaanzia ukingoni. Mama watoto alikuwa ananionyesha kioo kila asubuhi anasema "baba, bado huku", ikabidi tuache upenyo kidogo usiku na ikaisha.

Taa ilikuwa kazi ndogo. Nimeitoa, gasketi yake ilishakuwa ngumu inavunjika mkononi, nimesafisha, nimeweka mpya na gundi kidogo kwenye kila skrubu. Basi.

Dirisha la kusukuma la upande wa sinki ndo lilinichekesha. Reli ya chini ya yale madirisha ina vitundu vidogo vinavyotoka nje, kazi yake ni kutoa maji, maana kioo cha kusukuma hakikusudiwi kuzuia maji yote, yanaingia kwenye reli af yanatoka kwa vitundu. Sasa kuna mtu alivikuta hivyo vitundu akaona ni matundu, akaviziba vyote kwa silikoni vizuri kabisa! Reli inajaa kama hori, gari likikata kona maji yanamwagikia ndani. Nikavizibua kwa waya, nikakwangua mchanga na uchafu wa reli kwa brashi ya meno, nikamwagia kikombe cha maji kwenye reli yakatoka yote nje. Hakuna nilichonunua. Kama gari lako lina vioo vya aina hii anza na hapo kabla hujampigia fundi simu.

Dirisha la kempa sasa. Hili ndo limekula muda.

Limefungwa kwa mtindo wa sandwichi, fremu ya nje ina ukingo unaokaa juu ya bati, ndani kuna ringi inayokazwa kwa skrubu kuzunguka pande zote, bati linabanwa katikati. Kinachozuia maji ni kilichopo kati ya ule ukingo na bati, sio mstari wa gundi unaouona nje. Ndo maana kupaka kwa nje hakusaidii, unaziba sura tu, nyuma yake kumeshaachia. Tena ile silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki ndo mbaya zaidi kwenye bati, ile harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka na inaanzisha kutu chinichini. Na silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, rangi haishiki, hamna kinachoshika, ni kuitoa yote.

Kuitoa ni adhabu. Kisu cha wembe kwa juu, kipande cha plastiki ngumu karibu na fremu ili nisikwaruze, af kusugua bati kwa kitambaa na spiriti. Tina usithubutu kwenye plastiki ya dirisha, inafanya ukungu haufutiki. Ukidhani umemaliza pitisha maji, mahali ambapo maji yanakimbia bado kuna silikoni. Nilivyopiga msasa pale pembeni ya fremu ukatokea mstari wa zamani wa daladala, kijani, chini ya rangi zote. Nimeuacha kipande kidogo hautaonekana fremu ikikaa.

Nilichotaka kuweka ni butili, ile gundi nyeusi ya kamba isiyokauka. Inabaki laini miaka, gari likijipinda kwenye barabara mbovu nayo inajivuta bila kuachia. Kuipata huku mjini sasa. Nimevuka Daraja la Nyerere kwenda Kariakoo, duka la kwanza wakanipa tepu ya lami ya kuziba mabati ya nyumba, nikairudisha, hiyo kwa jua letu inalainika inachuruzika ukutani. La pili hivyohivyo. Mwisho dogo mmoja wa kufungua taa za magari maeneo ya Gerezani akaniuliza "bro unataka ile ya kubandikia kioo cha taa?" Ndo yenyewe. Mafundi taa wanazo, zinauzwa kwa roli, na wala hawazioni kama kitu cha ajabu.

Nimezungusha butili kwenye ukingo mzima bila kuivuta, maana ukiivuta inakuwa nyembamba, nikairudisha fremu, skrubu nimekaza kidogokidogo kwa kupishana, moja huku nyingine upande wa pili. Usikaze zote siku hiyohiyo. Butili inajisambaza taratibu, nimeacha ikapigwa jua, kesho yake nikakaza tena, ikatoka pembeni kote sawasawa nikakata ziada kwa kisu cha plastiki. Sehemu ambayo haikutoka kitu ndo sehemu ya kutilia shaka, na ilikuwepo moja, kona ya juu, nikalegeza nikaongeza.

Kile kioo kisichofunguka nilimwita mzee mmoja fundi vioo, mi sina mkono wa vioo. Tulivyotoa raba, kona ya chini bati limeliwa limebaki kama biskuti. Nikamwambia "mzee wangu, tukipaka pufila, ile puti ya kujazia bodi, si inatosha?" Akaniangalia tu. "Kijana, hapo raba itabana nini?" Kwa hiyo kuchomelea. Kabla ya moto tulitoa sponji yote ya ukutani, tukachomoa betri, ndoo ya maji pembeni. Kipande kibovu kikakatwa, kipya kikachomewa, prima, rangi, tukaacha ikauke kweli, maana raba ukiikandamiza juu ya rangi mbichi inaibandua.

Raba ya mita mzee aliikata ndefu kidogo kuliko kipimo, anasema inanywea kwa jua af maungio yanafunguka. Kuirudisha ni ule ufundi wa kamba: raba inavalishwa kioo kwanza, kamba ya nailoni inalazwa kwenye mfereji wa raba kuzunguka, ncha mbili zinabaki ndani, maji ya sabuni, mzee anasukuma kioo kwa nje kwa viganja, mi ndani navuta kamba taratibu na midomo ya raba inapanda juu ya bati yenyewe. Nilitamani nirudie tena kwa raha zangu.

Mvua kubwa ilishanyesha toka tumalize. Kwenye taa pakavu, dirisha la kempa pakavu, reli ya sinki inatoa maji nje kama inavyotakiwa. Kioo cha mzee nacho kikavu. Plaiwudi iliyovimba nimeitupa, ile iliyolowa tu bila kuvimba nimeianika, nimefuta ukungu, ila sijaifunga bado, ukuta unabaki wazi mpaka mwezi wa 5 uishe ili nikiona mchirizi niuone mapema.

Kilichobaki ni mlango wa nyuma, kona ya kushoto kuna unyevu ambao mpira wa maji haujautoa ila mvua ya upepo inautoa. Nadhani ni raba ya mlango wala sio kioo. Jumamosi napaka poda ya mtoto kwenye ukingo wa mlango, nafunga, nafungua, naangalia raba inagusa wapi na wapi haigusi. Mwenye raba ya mlango wa nyuma ya Kosta iliyo nzima aniambie bei.