Kabla ya kutazama miguu, nionyesheni dawa zake

Mzee mwenye miguu iliyovimba akiletwa kwangu, kitu cha kwanza ninachoomba ni mfuko wa dawa zake. Sitaki orodha aliyoikumbuka mtoto wake, nataka dawa zenyewe, zikiwemo zile za kukopeshwa na jirani na zile anazojinunulia goti likimuuma. Mimi ni muuguzi wa wazee kwa miaka mingi sasa, na mara nyingi jibu nimelikuta humo.

Familia hufika na jibu lao tayari: "Ni uzee tu." Hilo silikubali. Kweli, umri unapoongezeka vali, yaani vilango vidogo, za vena za miguu (mishipa inayorudisha damu moyoni) hulegea na mtu hutembea kidogo kuliko zamani. Lakini miaka peke yake haijazi maji mguuni. Kuna kinachoyasukuma yatoke kwenye mishipa au kinachoyazuia kurudi, na ni haki ya mzee kitafutwe.

Nianze na amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa na wazee wengi. Ni dawa nzuri na sitaki mtu aiogope. Kazi yake ni kutanua ateri ndogo, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, ili presha ishuke. Vena hazitanuki kwa kiasi hicho, kwa hiyo shinikizo hupanda kwenye vijishipa vyembamba vilivyo katikati, na maji huvuja kuingia kwenye nyama za mguu. Hutokea zaidi kwa dozi ya miligramu 10 kuliko ya 5, na kwa wanawake zaidi kuliko wanaume.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu. Dozi yake ilipandishwa, na baada ya wiki chache viatu vikaanza kumbana. Kliniki aliyokwenda wakamwongezea dawa ya kukojoza. Miguu haikupungua, na sababu ni kwamba tatizo halikuwa maji kuzidi mwilini, bali maji kuvuja mahali pamoja. Alichopata ni kuamka usiku kucha kwenda chooni, na kizunguzungu kila aliposimama. Mtu wa umri wake akianguka gizani na kuvunjika nyonga, maisha yake yote hubadilika! Nilimwomba daktari mwingine apitie dawa zote upya. Akaishusha amlodipini, akamwongezea kidogo enalaprili, dawa nyingine ya presha ambayo hutanua pia upande wa vena, na ile ya kukojoza akaiondoa. Uvimbe ulipungua taratibu na presha ikabaki pazuri.

Hili linaniuma kwa sababu naliona tena na tena: dawa inaleta dalili, dalili inachukuliwa kuwa ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unapewa dawa nyingine. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huufanya mwili ushike chumvi na maji, na kwa mzee huweza kuumiza figo. Predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, nayo huvimbisha, vilevile pregabalini na gabapentini wanazopewa wenye ganzi na maumivu ya neva. Msimwachishe mzee dawa yoyote kwa kusoma maneno yangu. Mwulizeni daktari swali moja: uvimbe ulianza lini, na dawa ipi ilianza au kuongezwa muda mfupi kabla ya hapo?

Mfuko ukiwa safi, hauna dawa ya kuvimbisha, ndipo natazama miguu. Ni mmoja au yote miwili?

Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye maumivu au joto kwenye shavu la mguu, hasa baada ya upasuaji, kulazwa au safari ndefu ya kukaa, huenda una damu iliyoganda ndani ya vena. Bonge hilo likikatika hufika mapafuni na kuua. Hapo hakuna kukanda wala kusubiri asubuhi, ni hospitali siku hiyohiyo. Na pumzi ikibana au kifua kikiuma, ni dharura ya dakika hiyo. Mguu mmoja mwekundu, wenye moto na homa, mara nyingi ni maambukizi ya ngozi, nayo huhitaji matibabu mapema. Ukivimba mmoja polepole, daktari apapase na nyonga pia, kwa kuwa uvimbe uliojificha humo huweza kubana mishipa.

Miguu yote miwili ikivimba, huuliza swali ambalo familia hulishangaa: mzee analala wapi? Wengi hujibu kwamba siku hizi analala kitini. Basi nataka kujua kwa nini. Kama ni kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, nafikiria moyo uliochoka kusukuma damu, hasa ikiwa uzito umepanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku chache. Kama ni mgongo tu unamsumbua, huenda kiti chenyewe ndicho sababu: miguu inaning'inia mchana na usiku, na misuli ya shavu la mguu, ambayo ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, haifanyi kazi. Mkojo wenye povu jingi na uso kuvimba asubuhi huelekeza kwenye figo. Tumbo kujaa na macho kuwa ya manjano, kwenye ini. Vipimo vya damu na mkojo husaidia sana hapo.

Vena zilizolegea zina alama zake. Uvimbe huwa mdogo asubuhi na mkubwa jioni, na ngozi juu ya kifundo huwa ya kahawia, kavu, yenye kuwasha. Hapo ndipo soksi za kubana zinafaa, pamoja na kutembea na kuinua miguu juu ya usawa wa moyo. Ila msimvalishe kabla mtiririko wa damu kwenye ateri za miguuni haujapimwa, hasa kama ana kisukari, amevuta sigara, au shavu la mguu humuuma akitembea na kutulia akisimama. Mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa huweza kupata kidonda kisichopona. Akiruhusiwa, azivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na avuliwe usiku ili ngozi yake ikaguliwe, mpaka katikati ya vidole.