Kuezua na kuezeka upya nyumba ya Shangani, Mtwara

Nyumba ya wazazi wetu ya Shangani, mjini Mtwara, iliezekwa katika miaka ya 1980 kwa mabati membamba yaliyopakwa zinki, na kwa muda mrefu ilitosha kupanda juu kabla ya mvua na kuziba matundu kwa lami. Hatimaye matundu yalizidi lami, tukaamua kuezua paa zima. Ndugu wengi walidhani kwamba mjadala mkubwa ungekuwa wa rangi ya bati na upana wa migongo yake, kumbe sehemu kubwa ya fedha, na karibu mabishano yetu yote, vilikwenda kwenye vitu ambavyo mpita njia hatavijua kamwe: zege la juu ya kuta, mikanda ya chuma na misumari.

Watu wa huku kusini tumelelewa tukiamini kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayozifanya dhoruba zijizungushe ni dhaifu, na vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi hupinda kuelekea kusini kabla ya kutufikia. Hata hivyo, Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na wazee waliokuwa watoto wakati huo waliendelea kukisimulia. Aprili 2019 Kenneth, kimbunga kingine, ilitua Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma, baada ya sisi wa Mtwara kufunga shule na ofisi tukiisubiri. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa. Desemba mwaka huohuo Chido iliifumua Mayotte, kisiwa kilicho kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na kuendelea hadi Cabo Delgado tena. Zaidi ya hivyo vyenye majina, kila msimu wa mvua kuna ule upepo wa ghafla unaotangulia radi, ambao hauvumi hata nusu saa lakini huacha darasa au zahanati ikiwa wazi. Kwa paa chakavu, huo unatosha.

Jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalifikirii ni kwamba upepo hauliangushi paa kwa kulisukuma, hulinyanyua. Upepo unapopanda ukuta na kupita juu ya ukingo wa paa huongeza kasi, mgandamizo wa hewa juu ya bati hupungua, na paa huanza kuvutwa kwenda juu, kwa nguvu zaidi kwenye pembe, kwenye kingo za upenu na karibu na kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa. Nguvu hiyo haikui sawasawa na kasi: upepo wa kilomita 120 kwa saa huvuta mara 4 ya upepo wa kilomita 60. Ikiwa mlango au dirisha la upande unaovumiwa litafunguka, hewa itaingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini wakati lile vuto la juu likiendelea. Kwa sababu hiyo, komeo za milango na bawaba za madirisha tuliziingiza kwenye bajeti ya paa, jambo lililomshangaza sana kaka yangu anayetunza fedha za familia.

Tulipoanza kuezua, nilipanda ngazi kwa makusudi ili nione kila kiungo kabla hakijatupwa. Kutu haikuwa imeanzia katikati ya mabati bali kwenye mapishano, mahali ambapo bati moja hulalia jingine na maji ya chumvi hubaki yamenaswa kati yake, na kuzunguka kila msumari, ambako tundu lilikuwa limetanuka kwa miaka ya kutikiswa hadi kichwa cha msumari kikawa kinapita bila kugusa kitu. Papi, yaani mbao nyembamba zinazoshika mabati, zilikuwa zimepigiliwa kwenye kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba paa, kwa msumari mmoja mmoja. Kenchi zenyewe, ukizitazama kutoka chini, zilionekana nzima na zimenyooka, lakini fundi alipoigusa kwa bisibisi ile ncha iliyolala ukutani, bisibisi ilizama hadi mpinini. Mchwa walikuwa wamepanda ndani ya ufa wa plasta na kula moyo wa mbao, wakiacha ganda. Chini yake kulikuwa na mtambaa panya, mbao inayolazwa juu ya ukuta, uliofungwa ukutani kwa waya wa kufungia nondo, na waya huo ulikatika kwa kuvutwa kwa vidole.

"Mwalimu," fundi aliniambia, "hili paa halikufungwa. Lilikaa tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomaliza ubishi kuhusu bajeti. Uzito wa mabati na mbao ndio uliokuwa umeifanya nyumba ibaki na paa lake, na uzito wa bati la geji 30, ambalo ni jembamba, si kitu mbele ya upepo wa kweli. Kutoka siku hiyo swali letu likawa moja: nguvu inayolivuta bati itashikwa na nini, na hicho kitakachoishika kimeshikwa na nini, hadi tufike kwenye msingi? Bati hushikwa na papi, papi na kenchi, kenchi na mtambaa panya, mtambaa panya na ukuta. Kiungo kimoja kikiwa hafifu, ubora wa vingine vyote haukusaidii.

Kwetu kiungo kilichokosekana kabisa kilikuwa kile cha mwisho. Linta, yaani boriti ya zege, ilipita juu ya milango na madirisha tu, na juu yake kulikuwa na kozi kadhaa za matofali yasiyoshikwa na chochote. Tuliziondoa kozi hizo na kumwaga mkanda wa zege kuzunguka kuta zote, wenye nondo 4 za milimita 12 na ringi za kuzifunga za milimita 8, kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Mchanga ulitoka mtoni. Nasisitiza hilo kwa sababu bahari iko karibu na daima hutokea mtu wa kukuuzia mchanga wa pwani kwa bei nafuu, na chumvi iliyomo huanza kuila nondo ndani ya zege bila dalili yoyote hadi siku zege linapopasuka. Kabla ya kumwaga, tulipandisha vipande vya nondo kutoka ndani ya mkanda ili vije kupinda juu ya mtambaa panya. Kisha zege lilimwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kazi ambayo mama hakumwachia mtu mwingine.

Kwenye kenchi tulitumia mikanda ya chuma iliyopakwa zinki, inayopita juu ya mbao na kushuka pande zote mbili hadi kwenye mtambaa panya. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukishawahi kung'oa kigingi mchangani: msumari unaovutwa kuelekea ulikotoka hutoka kwa nguvu ndogo, bali ukivutwa kwa ubavu hukataa. Msumari uliopigwa kutoka juu kupitia kenchi unasubiri kung'olewa, ilhali ule unaoushikilia mkanda ubavuni mwa kenchi lazima ukatwe kabla paa halijaondoka. Mikanda hiyo ya nyumba nzima iligharimu chini ya tofauti ya bei kati ya bati la kawaida na lile la rangi ambalo dada yetu alilipenda.

Mdogo wangu alitaka paa lililofichwa nyuma ya ukuta, kama zilivyo nyumba nyingi mpya za Dar es Salaam. Sikuunga mkono, na sijabadili mawazo. Paa la namna hiyo huwa na mteremko mdogo, na mteremko mdogo ndio unaovutwa zaidi na upepo. Aidha, maji yote hutegemea mfereji uliofichika ambao majani ya mwembe mmoja yanaweza kuuziba katikati ya mvua. Tulichagua paa la migongo minne, yaani linaloteremka pande zote nne, lenye mteremko wa karibu nyuzi 30, kwa kuwa halina ule ukuta wa pembetatu ambao upepo huupiga kifua. Upenu tuliupunguza usizidi nusu mita, ingawa mama alilalamikia kivuli, na paa la baraza litajitegemea, ili likinyanyuliwa lisiondoke na la nyumba.

Kuhusu mabati yenyewe nitasema machache. Tulichukua ya geji 28, mazito kidogo kuliko ya geji 30, yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, ambao kwa kawaida huvumilia hewa ya chumvi kuliko zinki peke yake. Papi tuliziweka kila sentimita 90, na karibu na kingo kila sentimita 60. Skrubu zenye raba zilipigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni yanakopita maji. Kwenye kingo, pembe na kofia kila mgongo ulipata skrubu yake, katikati mgongo mmoja ukirukwa.

Wakati wa kufanya kazi hii nao ni tatizo la kwetu. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba na kuendelea, kwa hiyo watu hununua mabati Novemba, mvua ikiwa imeshapiga hodi, na mafundi hukimbizana kuliko inavyofaa. Nawashauri wanaoweza wanunue mbao na mabati msimu wa korosho, wayahifadhi pakavu, kisha waezue Juni au baadaye. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma wakati huo, lakini asubuhi huwa na utulivu; sisi tulipandisha mabati mapema, na upepo wa bahari ulipoanza kushika kasi tulikuwa tumehamia kwenye kazi za chini. Wenye paa la asbesto wasiguse msumeno hata kidogo: bati huloweshwa, hushushwa zima na hufungwa kwenye nailoni, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani.

Mawe na matairi yaliyokuwa juu ya paa la zamani hayakurudi. Jiwe halizuii bati lisilofungwa, na upepo ukilishusha huangukia mtu.

Baraza bado halijaezekwa. Nguzo zake zimesimama na nondo zimechomoza juu zikisubiri mtambaa panya, na fundi ameahidi kurudi mara atakapomaliza kazi ya Mikindani. Atakapokuja atakaza pia skrubu za mwanzo, kwani mbao mpya hunywea zikikauka, na raba iliyokuwa imebana hulegea.