Sizoni za mizuka zikikaa sana hupanda mbinguni, hofu inabaki huku chini

Nimemaliza kuirudia Supernatural yote, ile siriz ya Kimarekani ya ndugu wawili, Sam na Dean, wanaowinda mizuka, sizoni 15, episodi 327, kutoka ile ya Septemba 2005 mpaka ya Novemba 2020, na nataka kuliongelea hili kwa sababu hapa Malindi ukiwauliza watu kuhusu hii siriz wote watakwambia "mwanzo ilikuwa kali alafu ikaharibika" na mjadala unaishia hapo. Iliharibikaje sasa?

Mwanzoni kila mzuka ulikuwa na mahali pake. Episodi ya kwanza kabisa kuna mwanamke wa nguo nyeupe amesimama kando ya barabara usiku, anaomba apelekwe kwao, na mwanamume anayesimamisha gari ndio amekwisha. Mtu wa pwani haelezwi hiyo mara mbili, sisi tumekua na yule mrembo wa usiku ananukia vizuri, ukitupa macho chini unaona kwato, na anayekusimulia lazima akwambie ni kona gani, karibu na mti gani. Yale magofu ya Gede hapo, mchana watalii wanapiga picha, lakini jua likizama nani aende peke yake? Sizoni ya kwanza ilikuwa hivo hivo, kila mji na mzuka wake na kila mzuka na kisa chake, mtu alidhulumiwa mahali, na Sam na Dean wanaingia na lile gari lao Impala la 1967, wanauliza wazee, wanapekua magazeti ya zamani, usiku wanafukua kaburi wanamwaga chumvi wanachoma mifupa. Buti la gari lina sakafu ya siri, ukiifunua ni bunduki na chumvi ya mawe. Chumvi jamani! Sisi ambao mashamba ya chumvi yako hapo Gongoni na Marereni, na bibi zetu wanamzungushia mtoto chumvi kumtoa kijicho, mimi niliiamini papo hapo.

Alafu hadithi ikaanza kupanda. Eric Kripke aliyeibuni alikuwa ameipangia miaka 5 tu, akaleta malaika Castiel sizoni ya 4, ya 5 ikawa kiyama chenyewe, na 2010 akawaachia wengine usukani. Na pale kwenye kiyama, Shetani ameingia mwili wa Sam anampiga Dean karibu amuue, kinachomrudisha Sam akili ni kiaskari kidogo cha plastiki alichokikwamisha kwenye ashtrei ya gari walipokuwa watoto, anakiona tu, anakumbuka maisha yao yote. Hiyo sini ndio moyo wa siriz nzima, dunia inaokolewa na kidubwana cha mtoto kwenye ashtrei ya gari.

Lakini ukishamaliza kiyama, mwaka ujao unaleta nini? Ndio wakaja mazimwi Leviathani sizoni ya 7, akaja Giza dada yake Mungu sizoni ya 11, na mwisho kabisa Mungu mwenyewe ndio adui, mwandishi mwenye roho mbaya anayewachezea waja wake. Hapo nafsi yangu ilikataa, na sisemi kwa ajili ya dini peke yake, hata kihadithi adui aliye kila mahali hakutishi maana huna njia ya kumkwepa wala kona ya kumwogopea. Na kifo nacho kikawa chepesi, watu wanakufa wanarudi mpaka machozi yamekauka.

Kingine ambacho sisikii watu wakikitaja ni nyumba. Sizoni ya 8 wale ndugu wanapata handaki lao Kansas, jikoni, vitanda, maktaba kubwa. Niliwafurahia wallahi, lakini kabla ya hapo walikuwa wanalala vigesti vya njiani na kila mji walikuwa wageni, na mgeni ndio anayeogopa. The X-Files, siriz nyingine ya mambo ya ajabu, nayo kuna kitu kiliondoka 1998 walipohamisha kazi kutoka Vancouver kwenda Los Angeles, ule msitu na mvua vikaisha, jua likawaka.

Sikubali lakini kwamba miaka ya nyuma yote ni takataka. Itafute episodi inayoitwa Baby ya sizoni ya 11, episodi nzima kamera haitoki kwenye gari, pigano unalisikia kabla ya kuliona, wanaimba, wanalala kwenye viti, wanaongea habari za baba yao.

Na mwisho wake mimi nautetea. Corona ilisimamisha kazi Machi 2020 zimebaki episodi mbili, wakarudi wakazimalizia. Ya kabla ya mwisho wanamshinda Mungu, ya mwisho wanaenda kazi ya kawaida, vampaya ndani ya banda, na Dean anafia humo kwa chuma kilichotokeza kwenye nguzo. Watu walikasirika sana. Mimi nililia, na nilikuwa sijaogopa hivo tangu zile sizoni za mwanzo, maana banda ni banda, unaliona, na Sam amesimama mbele ya kaka yake hana malaika wa kumwita, na Dean anamwambia safari hii asimrudishe.